Nilivyofunga kipoza oili cha nyongeza kwenye Fuso langu

Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikipandisha saruji na mbolea kutoka Dar es Salaam hadi Njombe, na kuteremsha viazi na mbao, na katika njia hiyo yote hakuna mahali panapolipima lori langu kama mlima Kitonga. Ukitoka Ruaha Mbuyuni, ambako hewa ni ya moto hata usiku, unaanza kupanda ukiwa na mzigo kamili, gia ya pili au ya tatu, kona juu ya kona, na upepo unaoingia mbele ya lori ni mdogo mno kwa sababu mwendo wenyewe ni wa mtu anayetembea kwa haraka. Injini inafanya kazi yake ngumu kuliko zote katika saa ambayo inapata hewa kidogo kuliko saa zote.

Novemba ya mwaka juzi, baada ya kumaliza mlima, nilisimama pembeni kabla ya Ilula ili kuangalia kamba za turubai. Nikaiacha injini kwenye sailensa, yaani ikinguruma yenyewe bila kukanyagwa mafuta. Nilipotupa jicho kwenye geji ya presha ya oili niliona sindano, ambayo asubuhi ilikuwa kilo 4 (kwa sentimita mraba) na zaidi, imelala chini ya kilo 1, na taa nyekundu inapepesa kama jicho la mtu anayesinzia. Geji ya maji ilikuwa katikati, palepale inapokaa siku zote. Nilizima, nikasubiri karibu saa nzima, nikawasha tena, na presha ikarudi kama vile hakuna kilichotokea.

Hili la geji ya maji ndilo linalowadanganya madereva wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Maji ya injini yanasimamiwa na themostati, feni na rejeta, kwa hiyo sindano yake hukaa mahali pamoja hadi mambo yaharibike kabisa. Oili haina msimamizi wa namna hiyo. Inapita kwenye beringi za krenki, inapita kwenye tabo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), na katika injini nyingi zenye tabo inarushwa pia chini ya pistoni ili kuzipoza, kisha inarudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, ikiwa imebeba joto lote hilo. Oili ya 15W-40, ambayo ndiyo tunayotumia wengi, imetengenezwa iwe na uzito fulani ikiwa na nyuzi 100. Ikipanda hadi 120 na kuendelea inakuwa nyepesi kwa zaidi ya theluthi moja, na wepesi huo ndio unaoonekana kwenye geji kama presha iliyokufa. Zaidi ya hapo, kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinakaribia kuifanya oili iungue na kuchakaa mara mbili zaidi, kiasi kwamba oili uliyokusudia kuibadilisha baada ya miezi mitatu inakuwa imekwisha kabla ya miezi miwili.

Nilirudi Makambako nikiwa nimekwisha kuamua kununua kipoza oili kikubwa cha nyongeza. Gereji wanakiita oili kula, na utingo wangu, kijana wa Wanging'ombe asiyeacha neno lipite bure, aliniuliza mbele za watu: "Bosi, hiyo oili kula inakula nini?" Nikamjibu kwamba inakula joto. Akasema basi atasubiri aone itashiba lini.

Fundi wangu ni mzee aliyenifundisha kushika spana nikiwa bado na suruali ya shule. Hakufurahishwa na mpango wangu. "Mwanangu," aliniambia, "kabla hujanunua hiyo mpya, nifungulie kwanza ya zamani niione." Ukweli ni kwamba nilikuwa karibu nimesahau kuwa ya zamani ipo. Injini ya Fuso langu, 6D16 yenye silinda sita na lita 7.5, inatoka kiwandani ikiwa na kipoza oili chake ubavuni, ndani ya njia ya maji: sahani nyembamba zilizopangwa pamoja, oili ndani yake, maji yakizizunguka nje. Kwa kuwa kimefichwa chini ya kifuniko, mtu anaweza kumiliki lori miaka kumi asikione hata siku moja.

Tulikifungua. Kwa macho tu kilionekana kama jiwe lililotolewa mtoni. Nafasi kati ya sahani na sahani, ambazo zilipaswa kupitisha maji, zilikuwa zimezibwa na ukoko wa rangi ya krimu iliyochanganyika na kutu, mgumu kiasi cha kugongwa na bisibisi ukatoa sauti. Mzee hakusema kitu. Alichukua kipande kimoja, akaniwekea kiganjani, akaondoka kwenda kunywa chai.

Kosa hilo lilikuwa langu mwenyewe, na naliandika hapa kwa sababu najua si langu peke yangu. Kwa miaka yote hiyo rejeta ilipopungua tulijaza maji yoyote yaliyokuwa karibu: ya kisima, ya mto, ya dumu la mama lishe. Maji ya visima vingi yana chumvi na chokaa nyingi, na chokaa hupenda kuganda mahali penye joto kali kuliko kwingine, yaani hapohapo kwenye sahani za kipoza oili. Kulanti, dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, niliiona kama anasa ya magari madogo. Sikujua kwamba mbali ya kuzuia kutu, mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji huchelewesha maji kuchemka, jambo lenye maana sana kwetu tunaofanya kazi nyanda za juu, kwa kuwa kwenye mwinuko wa Iringa, mita zipatazo 1,600, maji matupu yasiyo na presha huchemka yakifika nyuzi 95 hivi. Kifuniko cha rejeta, ambacho hushikilia presha inayochelewesha maji kuchemka, kikiwa na mpira uliokufa, hata hizo nyuzi chache za akiba huna.

Tulikiloweka kwenye maji ya moto yenye unga wa sitriki, tukayabadilisha mara tatu hadi yakaacha kutoa povu, tukasukutua upande wa oili kwa mafuta ya taa, kisha tukaziba tundu moja, tukaingiza hewa ya kompresa kwa lingine na kukizamisha kwenye beseni ili kuona kama kuna kiputo. Wapo wanaotumia maji ya betri kwa kazi hii. Asidi ile huondoa ukoko haraka, lakini huondoa na chuma, na siku kipoza kikitoboka ndani utakuta oili kwenye rejeta, kwa sababu injini ikiwa inafanya kazi presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji. Ukizima, mambo hugeuka na maji huanza kuingia kwenye oili. Chetu hakikutoa hata kiputo kimoja, tukakirudisha na gasketi mpya.

Kabla ya safari iliyofuata nilifunga kitu ambacho nilipaswa kuwa nacho tangu mwanzo, geji ya joto la oili yenye sensa kwenye sampu. Nilitaka sana kujua lilikuwa limefika ngapi siku ile ya Ilula, lakini hilo sitalijua kamwe. Nilichokijua ni hiki: baada ya kusafisha, nikiwa na mzigo uleule, nilifika juu ya Kitonga geji ikisoma nyuzi 116, na presha kwenye sailensa ilikuwa kilo 1.4. Taa haikupepesa tena. Mzee alitaka tuishie hapo, na kwa lori linalotembea tambarare ningemkubalia bila ubishi. Kwa njia yangu, ambako mlima uleule unanisubiri mara tatu kwa mwezi, na Novemba hewa ya bondeni ikiwa na moto wake, niliona nahitaji nyuzi kumi nyingine za akiba. Basi hapo ndipo kazi niliyoiandikia makala hii ilipoanza.

Muundo wake si mgumu kuueleza. Kati ya injini na filta ya oili unaingiza bamba nene la alumini lenye matundu mawili ubavuni. Oili iliyokuwa ikitoka kwenye injini kwenda moja kwa moja kwenye filta inatolewa nje kwa mpira, inapita kwenye kipoza cha hewa chenye mapezi kama ya rejeta ndogo, kisha inarudi kwa mpira wa pili. Ugumu uko kwenye vipimo. Nilibeba filta yenyewe ya zamani hadi dukani, nikalinganisha uzi wake na wa bamba kwa kuufunga kwa mkono, na kulinganisha upana wa mpira wa filta na mahali utakapokaa, kwa sababu bamba lenye uzi sahihi lakini kitako chembamba litakaa vizuri gereji na kuvuja barabarani.

Bamba nililolichagua lina themostati ndani. Lisilo na themostati lilikuwa rahisi zaidi, na muuzaji alinihakikishia kwamba "nchi yetu ni ya joto, hiyo haihitajiki." Muuzaji huyo hajawahi kuwasha lori Njombe alfajiri ya mwezi wa saba, umande ukiwa umegeuka barafu nyembamba kwenye majani. Oili iliyo baridi ni nzito, inachelewa kufika juu ya injini, na isipopata joto la kutosha haiwezi kufukuza unyevu na dizeli vinavyoingia humo kila siku. Vikibaki, vinageuka tope. Themostati yangu hufunguka kwenye nyuzi 82, na kabla ya hapo huruhusu oili kidogo tu kupita ili kipoza kisibaki na hewa ndani na ili oili ya humo isiwe baridi kabisa siku mlango utakapofunguliwa.

Mahali pa kukiweka palinigharimu mawazo ya siku mbili. Wengi hukifunga mbele ya rejeta, na kwenye gari dogo ni sawa. Lakini kwa lori linalopanda Kitonga, hewa iliyokwisha kupashwa na kipoza oili ndiyo itakayoingia kwenye rejeta, na hapo unakuwa umehamisha tatizo kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Niliamua kukiweka nyuma ya kichwa, pembeni mwa chesisi, kikiwa na feni yake ya umeme ya voliti 24. Feni hiyo huwashwa na swichi ya joto kwenye nyuzi 95, kupitia rilei, waya wake ukianzia kwenye betri na fyuzi ikiwa karibu kabisa na betri, maana waya mrefu usio na fyuzi kwenye chesisi inayotikisika ni njiti ya kiberiti inayosubiri.

Fremu ya kukibebea tuliitengeneza kwa chuma cha engo na kuifunga kwa bolti kwenye matundu ambayo kiwanda kilikwisha kuyatoboa katika ubavu wa chesisi. Hatukuchomelea na hatukutoboa mdomo wa juu wala wa chini, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu inayobeba mkazo mkubwa zaidi lori likiwa na mzigo, na nyufa nyingi za chesisi nilizoziona zimeanzia kwenye tundu la mtu aliyekuwa na haraka. Kipoza chenyewe kimekaa juu ya raba nne, kwa sababu chesisi ya lori hujikunja barabara ikiwa mbaya, na alumini haipendi kukunjwa. Midomo yake inatazama juu ili hewa itoke yenyewe. Mbele yake kuna wavu wa chuma wa kuzuia mawe.

Sasa mipira. Hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima. Nilikwenda kwa mafundi wanaobana mipira ya haidroliki ya matrekta na magreda, nikifikiri kwamba mpira unaobeba kilo 200 hauwezi kushindwa na injini isiyozidi kilo 7 hata ikiwashwa asubuhi ya baridi. Presha kweli si tatizo. Tatizo ni joto, kwani mpira wa kawaida wa haidroliki umepimwa kwa nyuzi 100 tu, na mimi nilikuwa natoka kwenye geji iliyosoma 116. Mpira wa namna hiyo haupasuki siku hiyo. Unakakamaa polepole kutoka ndani, unameguka, na vipande vyake vikiponyoka filta vinakwenda kutafuta beringi. Nilidai ule unaovumilia joto kubwa zaidi, wa kipenyo cha ndani cha inchi robo tatu, na nikakataa mwembamba wa nusu inchi waliotaka kunipa kwa bei nafuu, maana oili yote ya injini inapita humo na njia nyembamba ingeninyang'anya presha ileile niliyokuwa naitafuta.

Nikaridhika na mpira, nikasahau kuangalia vichwa vyake. Kipoza kilikuwa na uzi wa Kiingereza wa BSP, na fitingi nilizopewa zilikuwa za uzi wa Kimarekani wa NPT. Ubaya wa hizi mbili, katika saizi ya robo tatu, ni kwamba zote zina meno 14 kwa inchi na vipenyo vinavyokaribiana, kwa hiyo ya kwanza huingia ndani ya ya pili kwa mizunguko mitatu au minne kama ndugu, kisha inakaza, na mtu anadhani imefika. Pembe za meno hazilingani. Tuliwasha, na baada ya dakika mbili tone moja likajitokeza chini ya nati, likavimba, likaning'inia, likadondoka, na lingine likaanza. Niliikaza kwa nguvu zaidi. Tone likaendelea, sasa kwa haraka zaidi.

Utingo alikuja na utepe mweupe wa mafundi bomba. Nilimzuia, ingawa najua magari mengi yanatembea hivyo. Utepe ule hukatika nyuzinyuzi unapokazwa, na nyuzi zikiingia upande wa kurudi na kuponyoka filta zinaweza kuziba tundu dogo la kulainisha tabo, na tabo inayozunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika haitakupa nafasi ya kuomba radhi. Tulimwaga oili kwenye ndoo safi, nikarudisha mipira, nikabadilishiwa vichwa, na safari hii nilikaa palepale nikipima kila fitingi kwa geji ya meno. Fundi wa mipira alinitazama kama mteja msumbufu. Sikujali.

Jambo la mwisho kabla ya kuwasha, na ninalolisisitiza kuliko mengine yote, ni usafi. Mpira ukikatwa kwa grainda ndani hubaki unga mweusi wa raba na chembe za waya wa chuma. Nilivuta kitambaa cheupe kilichofungwa kwenye kamba kupitia kila mpira; mara ya kwanza kilitoka cheusi kama cha kufutia sufuria, mara ya tano kikatoka cheupe. Kipoza tulikisukutua kwa dizeli na kukipuliza, ingawa kilikuwa kipya ndani ya boksi lake, na kilitoa vumbi la alumini la kutosha kung'arisha kiganja.

Mipira miwili ya mita 1.8 kwa kipenyo hicho hubeba lita moja ya oili, na kipoza chenyewe kinabeba zaidi ya lita moja, kwa hiyo ukijaza sampu kwa alama ya zamani na kuwasha, stiki itakuonyesha upungufu wa lita mbili na kitu. Tulijaza kipoza kwa mkono kabla ya kufunga mpira wa juu, tukajaza filta, kisha tukavuta waya wa kuzimia ili dizeli isifike na kuizungusha injini kwa stata sekunde kumi kumi, tukipumzisha katikati, hadi sindano ya presha ikanyanyuka yenyewe. Ndipo tukawasha. Mzee alilala chini ya lori na tochi kwa robo saa nzima, akipitisha karatasi nyeupe kwenye kila fitingi. Alipotoka alinipa karatasi ikiwa kavu, akaniomba hela ya chai.

Safari ya kwanza nilibeba saruji, mzigo uleule, na tulifika Ruaha Mbuyuni saa nane mchana, wauza vitunguu wakiwa wamejificha kivulini. Nilimkabidhi utingo kazi ya kusoma geji mpya ili macho yangu yabaki barabarani. Tulipoanza kupanda alisema tisini na nne. Kona ya tatu tukasikia feni ikiwaka nyuma yetu. Katikati ya mlima, nyuma ya tangi la mafuta lililokuwa likijikokota kuliko sisi, alisema mia na mbili, kisha mia na nne, kisha akanyamaza muda mrefu hadi nikamuuliza kama amelala. "Bado mia na nne, bosi. Imegoma kupanda."

Nilisimama palepale kabla ya Ilula, nikaiacha kwenye sailensa. Sindano ilikaa kilo 1.9. Utingo alishuka, akazunguka nyuma ya kichwa na karatasi yake nyeupe kama alivyoonyeshwa na mzee, akaipitisha kwenye nati zote nne, kisha akaweka kiganja karibu na mapezi, akakitoa haraka na kukipuliza.

"Bosi," alisema, "imekula kumi na mbili, na bado haijashiba."